Arlington ya Kwenye Marejeo: Maabara Nane, Unga Mmoja

Yeyote kati yenu aliyepitia sayansi ya chakula, lishe au kilimo pale Sokoine, Makerere, Egerton au Jomo Kenyatta alilijua jina la Arlington kabla hajapanda ndege. Limo kwenye ukurasa wa marejeo wa tasnifu chungu nzima: AOAC, 1990, toleo la 15, Arlington, Virginia. Mwanafunzi analinakili kutoka kwa kaka yake aliyemtangulia, naye alilinakili kwa aliyemtangulia yeye, mwalimu akiliona anapiga tiki, maisha yanaendelea. Ukiuliza AOAC ni kitu gani hasa, na kwa nini Arlington na si New York, kimya.

Sisi tuliopo huku tunapajua. Ni ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington, mji ambao wageni wanaufahamu kwa makaburi ya wanajeshi na jengo la Pentagon. AOAC walikuwa na ofisi zao Wilson Boulevard namba 2200, mwendo mfupi kutoka kituo cha treni cha Court House. Toleo la 15 la mwaka 1990 na la 16 la mwaka 1995 yote yalitoka na anwani ya Arlington. Kabla ya mwaka 2000 walikuwa wameshahamia Gaithersburg kule Maryland, na baadaye Rockville. Kwa hiyo ukienda kupiga picha usitegemee kuona kibao.

Kilichobaki ni kazi yenyewe, nayo ndiyo nataka tuijadili. Swali walilolishughulikia linaonekana dogo: ukipima kitu kwenye maabara moja na mimi nikakipima kwenye maabara nyingine, tukapata majibu tofauti, je, mmoja wetu amekosea? Mimi ni mhandisi, si mkemia, kwa hiyo silioni hili kama swali la kemia peke yake. Lori la mahindi likisimama Namanga, hili ndilo swali linaloamua kama litavuka.

Tuanze mwaka 1884. Wakati huo kitu kilicholeta ugomvi Marekani kilikuwa mbolea. Muuzaji anampelekea mkemia wa jimbo hili sampuli, fosfeti inasoma hivi; jimbo la jirani inasoma vingine kabisa, na kila mkemia anaapa kwamba yeye ndiye sahihi. Mwezi Septemba mwaka huo wakemia wa serikali walikutana Philadelphia wakaunda Chama cha Wakemia Rasmi wa Kilimo. Mmoja wa waasisi alikuwa Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo, yule ambaye baadaye alikuwa mstari wa mbele kudai sheria ya chakula na dawa iliyopita mwaka 1906. Jina la chama limebadilika mara mbili, mwaka 1965 na mwaka 1991, lakini herufi nne zimebaki zilezile.

Kitu walichofanya cha maana ni kwamba hawakukaa kumtafuta mkemia bora. Walikubaliana hivi: chukua kitu kimoja, kichanganye vizuri, kigawe, kila maabara ikipime kwa kufuata maandishi yaleyale neno kwa neno, halafu tuweke majibu mezani. Yakikaribiana kiasi cha kuridhisha, mbinu inaingia kitabuni. Yakitawanyika kama kuku walioona mwewe, mbinu inarudishwa kwa mwenyewe akaitengeneze.

Hapo naomba tuelewane, maana watu wengi wanachanganya. Kuna zoezi la kupima maabara: unapewa sampuli, jibu wanalijua wao, wanaangalia kama umelipata. Huo ni mtihani wa watu. Na kuna zoezi la kupima mbinu, ambalo ndilo ninalolizungumzia, na huo ni mtihani wa maandishi. Maabara zinazoshiriki huchukuliwa kwamba zinajua kazi. Zikishindwa kukubaliana, mtuhumiwa wa kwanza ni karatasi ya maelekezo. Pengine iliandikwa "chuja" bila kusema kwa karatasi gani, au "tikisa" bila kusema dakika ngapi. Kila mtu akatikisa kwa dini yake.

Aliyelionyesha jambo hili vizuri zaidi alikuwa W. J. Youden, mwanatakwimu wa Ofisi ya Taifa ya Vipimo hapahapa Washington. Mwaka 1959 alieleza njia ya picha ambayo hata mtoto wa sekondari anaweza kuichora. Ipe kila maabara sampuli mbili zinazokaribiana sana. Jibu la sampuli ya kwanza liweke kwenye mstari wa chini, la pili kwenye mstari wa wima, kwa hiyo kila maabara inakuwa nukta moja. Kama makosa ya maabara ni ya kubahatisha tu, leo juu kesho chini, nukta zitatawanyika pande zote kama duara. Lakini ukichora kweli, mara nyingi unaona nukta zimejipanga kwa mshazari, kutoka kona ya chini kushoto kwenda kona ya juu kulia. Maana yake maabara iliyosoma juu kwenye sampuli ya kwanza ilisoma juu na kwenye ya pili pia. Kila maabara ina lafudhi yake, na hata ukiipa ipime mara kumi itasema kwa lafudhi ileile. Msomaji wa Mombasa akimsikia wa Lubumbashi anajua sentensi ni ileile ila sauti inatoka pengine.

Ndiyo maana kupima mara tatu kwenye maabara yako na kuandika wastani na mchepuko wake, kama tulivyozoea kwenye tasnifu, kunaonyesha nusu tu ya hadithi, tena ile nusu ndogo. Umeonyesha kwamba unakubaliana na nafsi yako.

Kwa muda mrefu kila shirika lilikuwa na kanuni zake za zoezi hili. AOAC walikuwa na zao, shirika la viwango la kimataifa ISO lilikuwa na kiwango chake namba 5725, na wengine nao na zao, hivyo mbinu iliyopitishwa kwa kanuni hizi ilibidi ipimwe upya kwa kanuni zile. Mwaka 1988, chini ya IUPAC, ambao ni muungano wa kimataifa wa wakemia, ilitoka itifaki moja ya pamoja, ikarekebishwa mwaka 1995. Aliyeiandaa kwa kuchapishwa alikuwa William Horwitz, mkongwe aliyeiongoza AOAC kwa miaka mingi. Yaani katika miaka ileile ambayo kitabu chetu cha marejeo kilikuwa kinatoka Arlington, dunia ilikuwa inakubaliana namna moja ya kupima mbinu.

Itifaki inasema nini? Nitataja yale ya kukumbuka. Maabara zenye majibu halali zisipungue nane. Tano zinaruhusiwa pale tu ambapo mashine yenyewe ni ghali au adimu kiasi kwamba huwezi kuzipata nane. Vitu vya kupimwa visipungue vitano, ili mbinu ijaribiwe kwenye kiwango cha chini, cha kati na cha juu. Sampuli zithibitishwe kwanza kwamba zimechanganyika sawasawa. Marudio yafichwe, mpimaji asijue kwamba chupa namba 4 na namba 9 ni unga uleule, maana binadamu akijua hujikuta "anapata" jibu lilelile. Kila jibu liripotiwe, hata lile baya. Na majibu ya ajabu yasitupwe kwa macho. Kuna majaribio mawili ya kitakwimu, la Cochran na la Grubbs, ndiyo yanayoamua. Hata hayo yana kikomo: ukishalazimika kutupa zaidi ya maabara mbili kati ya tisa, acha. Tatizo si maabara tena.

Kifungu hicho cha mwisho mimi nakiona ndicho roho ya itifaki nzima. Kinamzuia mtu kusafisha takwimu mpaka zipendeze.

Haya, tufanye hesabu. Chukua mfano wa kutunga. Maabara nane zimepewa unga uleule wa mahindi, zimepima sumukuvu, yaani aflatoksini, kwa maikrogramu katika kilo moja. Majibu ni 7.1, 8.4, 9.0, 9.6, 10.3, 10.9, 11.8 na 12.9. Jumlisha: 80.0. Wastani ni 10.0. Toa wastani kwenye kila jibu, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha: 24.68. Gawanya kwa 7 halafu tafuta kipeo cha pili: 1.88. Huo ndio mchepuko kati ya maabara na maabara, karibu asilimia 19 ya wastani.

Sasa zidisha 1.88 kwa 2.8, unapata karibu 5.3. Namba hii vitabu vinaiita R. Na 2.8 haikutoka hewani, ni 1.96 mara kipeo cha pili cha 2, kwa sababu tunalinganisha majibu mawili na kila moja lina wasiwasi wake. Maana ya R ni hii: maabara mbili nzuri zikipima unga mmoja kwa mbinu hii, mara 95 kati ya 100 tofauti yao haitazidi 5.3. (Mtu makini atasema 12.9 kutoa 7.1 ni 5.8. Kweli, lakini hao umewachagua wa mwisho huku na wa mwisho kule, katika jozi 28 zinazowezekana. Jozi moja kuzidi si ajabu.)

Je, asilimia 19 ni mbaya? Hapo Horwitz anarudi. Mwaka 1980 yeye na wenzake walipanga majibu ya tafiti za pamoja zilizorundikana AOAC wakaona kitu ambacho bado kinashangaza: utawanyiko kati ya maabara haujali sana unapima nini wala kwa mashine gani, unajali zaidi kiasi cha kitu. Kitu kikiwa asilimia moja ya sampuli, tegemea mchepuko wa karibu asilimia 4. Kikiwa sehemu moja kwa milioni, asilimia 16. Kila kiasi kinapopungua mara mia, utawanyiko unaongezeka maradufu. Ukichora, inatoka kama tarumbeta. Kwa sehemu 10 kwa bilioni, ambayo ndiyo maikrogramu 10 kwa kilo, kanuni inatoa asilimia 32. Mwaka 2000 Michael Thompson wa Uingereza alionyesha kwamba kwenye viwango vidogo hivi maabara hufanya vizuri kuliko tarumbeta inavyotabiri, akapendekeza 22 kwa vyote vilivyo chini ya sehemu 120 kwa bilioni. Kwa hiyo maabara zetu nane za kutunga, na asilimia 19 yao, ni wanafunzi wazuri tu.

Sasa tazama tena yale majibu nane. Kikomo cha aflatoksini zote kwenye mahindi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Maabara nne zimesema unga unafaa. Maabara nne zimesema haufai. Unga ni mmoja. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyelala kazini, hakuna aliyepewa chochote.

Mnakumbuka Machi 2021. Tarehe 5 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakasimama mpakani, na tarehe 10 zuio likaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba kiwango ni chini ya 10. Huku ughaibuni siku zile mabishano yalikuwa ya kizalendo mno: Wakenya wanatubania soko, Watanzania wanauza sumu. Swali la kiufundi sikulisikia. Cheti cha Arusha kikisema 8 na kipimo cha upande wa pili kikisema 12, je, vimepingana? Kwa R ya 5.3, havijapingana hata kidogo. Lakini afisa wa mpakani hajapewa R. Amepewa 10 tu, na mfanyabiashara ana tani 30 zinazopata joto chini ya turubai.

Nisieleweke vibaya. Sumukuvu si siasa ya biashara. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, kule Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na wakafa 125. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua 68, wakafa 20. Mahindi yaliyochukuliwa masokoni Kenya mwaka ule wa 2004, asilimia 55 yalizidi 20, kikomo cha wakati huo, na asilimia 7 yalizidi 1,000. Kwenye 1,000 maabara zote duniani zitakubaliana, hata ile yenye lafudhi nzito kuliko zote. Hakuna R ya kumwokoa mtu pale. Ugomvi wa maabara uko karibu na mstari, kati ya 6 na 15 hivi, na huko ndiko biashara nyingi halali inakoweza kukwama.

Na kuna jambo ambalo utafiti wa pamoja hauligusi kabisa, nalo linanisumbua kuliko hayo yote. Unga unaotumwa kwa maabara nane umeshasagwa na kuchanganywa. Lori halijasagwa. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye mahindi. Punje nyingi hazina kitu, halafu punje moja moja zimejaa. Mpimaji akichoma bambo kwenye magunia kumi ya mlangoni, amepima mlango. Thomas Whitaker na wenzake wa North Carolina wameonyesha kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya kutoelewana hutoka kwenye uchukuaji wa sampuli, si kwenye mashine. Kwa hiyo wafadhili wanapoleta mashine ya kromatografia ya bei mbaya na kukata utepe, mimi nauliza iko wapi mashine ya kusaga kilo kumi kwa mkupuo. Hiyo haina utepe. Ukizidisha uzito wa sampuli unayosaga mara mbili, unapunguza kosa la sampuli zaidi kuliko ungelipunguza kwa kubadili mashine ya milioni nyingi.

Turudi kwenye tasnifu zenu, maana wengi mnaandika sasa hivi. Usiandike "AOAC (1990)" ukaishia hapo. Kitabu kile kina mbinu kwa mamia. Andika namba ya mbinu. Namba zenyewe zinasomeka: 991.31, ambayo ni ya aflatoksini kwenye mahindi na karanga, tarakimu tatu za mwanzo zinakuambia ilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1991. Ukiona 984 ni mwaka 1984. Kwa mbinu za kuanzia mwaka 2000 mwaka unaandikwa mzima. Halafu nenda kasome ripoti ya utafiti wa pamoja wa mbinu hiyo kwenye jarida lao: maabara ngapi, vitu gani, R ngapi. Ukikuta walipima mahindi na karanga na wewe unapima udaga wa muhogo au dagaa, basi namba zao si zako, sema hivyo na ufanye uhakiki wako. Na ujue pia kwamba tangu 2011 AOAC wana njia fupi ya kupitisha mbinu kwa jopo la wataalamu kabla ya utafiti kamili wa pamoja, kwa hiyo kuwa na namba peke yake hakukuambii kwamba maabara nane zimeshaijaribu.

Sasa, je, Afrika Mashariki tunaweza kufanya utafiti wa pamoja wetu wenyewe, kwa mahindi yetu, kwa umeme wetu unaokatika, kwa joto la Dodoma na unyevunyevu wa Tanga? R zilizoko vitabuni nyingi zilipatikana kwingine. Hebu tuhesabu maabara. TBS Dar es Salaam, ZBS Zanzibar, KEBS Nairobi, UNBS Kampala, shirika la viwango la Rwanda na la Burundi: sita. Mkemia Mkuu wa Serikali Tanzania, saba. Sokoine, nane. Makerere, tisa. Jomo Kenyatta, kumi. Tena sijagusa Kongo, wala maabara binafsi. Si zote zina vifaa sawa, najua, lakini itifaki haidai mashine sawa pale ambapo mbinu haidai. Inadai kila mtu afuate maandishi yaleyale.

Kazi ngumu ni ya mratibu. Lazima awepo mtu mmoja wa kusaga mahindi ya kutosha kwa viwango vitano, kuyachanganya, kupima chupa kadhaa za kubahatisha kuona kama ni kitu kimoja, kuzipa namba za siri, kuzisafirisha zikiwa kavu na za baridi, na kupata vibali vya forodha vya kupitisha chupa za unga wenye sumu, jambo ambalo peke yake linaweza kula miezi. Halafu kuna simu za kukumbushana tarehe. Ndiyo maana usialike maabara nane. Alika kumi na mbili. Moja chupa zake zitakwama uwanja wa ndege, nyingine mashine itakufa wiki ileile, ya tatu itabadilisha kichujio bila kusema na Cochran ataikamata. Ukibaki na tisa, bado una nafasi ya kutupa mbili tu, na ukizitupa zote mbili umebaki na saba, ambazo hazitoshi.